Ganzi isiyoisha, kiganja kisichoinuka, maumivu ya moto: utatuzi wa matatizo baada ya neva kuumia

Malalamiko yenyewe si mengi, na yanajirudia. "Mkono umekufa ganzi tangu nianguke." "Kiganja hakiinuki." "Nguo ikinigusa tu, naungua." "Neva iliungwa, hisia imerudi, mbona nikiguswa kidole hiki nasikia kile?" Nyuma ya yote kuna swali moja: itarudi au haitarudi? Jibu limo ndani ya nyuzi nyembamba kuliko unywele, na ili ulipate inabidi ujue mambo mawili: uzi umeharibika kiasi gani, na ni siku ya ngapi tangu uumie. Ganzi ya siku ya 2 na ganzi ya siku ya 90 zinaweza kufanana kabisa kwa mgonjwa, lakini ukiziangalia kwa hadubini ni vitu viwili tofauti.

Kwanza, kilichomo ndani ya neva

Neva ukiiona kwa macho ni kamba nyeupe. Ndani yake zimo nyuzi, maelfu kwa maelfu. Katikati ya kila uzi kuna akisoni, mkia mrefu wa seli iliyokaa ndani ya uti wa mgongo au kando yake. Mkia unaofika kwenye kidole cha mguu cha mtu mzima unaweza kukaribia mita 1. Nyuzi nene zimeviringishiwa mieleni, tabaka za mafuta zinazotengenezwa na seli za Schwann, na kila baada ya milimita 1 hivi tabaka hizo hukatika na kuacha uwazi mdogo uitwao kifundo cha Ranvier. Ujumbe wa umeme huruka kutoka kifundo hadi kifundo. Nyuzi nyembamba kabisa, zinazobeba maumivu na joto, hazina mieleni, na ujumbe wake huenda polepole sana. Kila uzi, mnene au mwembamba, umelala ndani ya mrija laini wa tishu. Mrija huo ukumbuke, tutaurudia.

Mwaka 1943 daktari Mwingereza, Herbert Seddon, aliyagawa majeraha ya neva katika ngazi tatu ambazo mpaka leo ndizo tunazozitumia. Ya kwanza: mieleni imeumia, akisoni ni nzima. Ujumbe unakwama pale palipobanwa tu, na juu na chini ya hapo uzi uko hai. Ya pili: akisoni imekatika, lakini mrija wake umebaki. Ya tatu: neva yote imekatika, au ndani imejaa kovu kiasi kwamba hakuna mrija wa kufuata. Mwaka 1951 Sydney Sunderland wa Australia alizipanua zikawa tano, na mpasuaji anazihitaji zote tano. Wewe unayejiuliza kama uende hospitali leo au usubiri, tatu zinakutosha.

Usisubiri nyumbani ukiona haya

- Jeraha la kisu, kioo, bati au panga, na mbele ya jeraha kuna ganzi au kiungo hakisogei. Hata jeraha likiwa dogo na damu imekata.
- Umefungwa plasta au bandeji, maumivu yanazidi badala ya kupungua, na vidole vyako vikinyooshwa unapiga kelele. Presha ndani ya misuli huua misuli na neva kwa saa chache. Hii haisubiri asubuhi.
- Ganzi sehemu za siri na kati ya mapaja, mkojo umegoma au unatoka wenyewe, miguu imelegea.
- Uso, mkono na mguu wa upande mmoja vimelegea ghafla, au maneno hayatoki sawasawa. Hilo ni la ubongo.
- Udhaifu ulioanzia miguuni unapanda siku hadi siku, hasa ukianza kukugusa pumzi.

Hakuna kipimo cha nyumbani kwa haya matano. Usipoteze muda kwa kuchua wala kukanda.

Dalili: ganzi na "sindano" baada ya kulalia mkono au kukunja miguu

Sababu inayoongoza ni ndogo kuliko hofu yake. Neva imebanwa kwa dakika kadhaa, damu haikupita vizuri, uzi ukakosa nguvu ya kuendesha umeme wake. Ukiuchunguza kwa hadubini huoni kitu kilichovunjika. Ukiachia, damu inarudi, nyuzi zinaamka bila mpangilio na kurusha ujumbe ovyo: ndizo zile sindano. Dakika chache yamekwisha.

Inayofuata ni kubanwa kwa masaa: umelala fofofo mkono ukining'inia nyuma ya kiti, umechuchumaa kutwa nzima, umefungwa mpira wa kuzuia damu ukakaa mno. Hapa hadubini inaonyesha kitu cha ajabu. Mieleni pembeni ya vifundo imesukumwa, tabaka zimeingiana kama mikono ya shati uliyoikunja vibaya, na mahali pengine imechanika ikaacha akisoni wazi. Akisoni yenyewe haijakatika. Seli za Schwann zitaviringisha mieleni mpya, nyembamba kuliko ya zamani na kwa vipande vifupi, na kazi itarudi. Hesabu siku kadhaa hadi wiki 12.

Angalia haya kabla ya lolote:

Ni vidole vipi? Gumba, shahada, cha kati na nusu ya kidole cha pete ni neva inayopita katikati ya kifundo cha mkono. Kidole cha mwisho na nusu nyingine ya cha pete ni ile inayopita nyuma ya kiwiko. Ganzi ya vidole vitatu vya kwanza inayokuamsha usiku, ukakung'uta mkono ikapungua, ni neva inayobanwa kila siku kwenye kifundo. Lala na kifundo kimenyooka ndani ya kishikizo, yaani kifaa kigumu kinachozuia kiungo kisikunjike, kwa wiki kadhaa. Ikiwa nyama ya chini ya gumba imeanza kubonyea, akisoni zimeshaanza kufa na kishikizo peke yake hakitoshi. Nenda ukapimwe.

Je, ni miguu yote miwili, ganzi ikianzia vidoleni kama soksi? Hapo usitafute mahali palipobanwa. Fikiria kisukari, upungufu wa vitamini B12, pombe, au dawa unazotumia, zikiwemo baadhi ya dawa za kifua kikuu. Na doa la ngozi lililopauka ambalo halisikii ukiligusa, likaangaliwe kwa ajili ya ukoma. Ukoma unatibika, lakini neva uliyoiacha ikafa nao hairudi.

Dalili: ganzi kamili baada ya kukatwa, kuvunjika mfupa au kuchomwa sindano

Hapa ndipo makosa mengi hufanyika, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Akisoni ikikatika, kipande cha chini kimetengwa na seli inayokilisha. Daktari Mwingereza Augustus Waller aliliona hili mwaka 1850 alipokata neva za ulimi wa chura na kuzifuata siku baada ya siku. Kipande hicho hakifi papo hapo. Kwa siku ya kwanza na ya pili kinaonekana kizima. Kisha kalsiamu inaingia kwa wingi, vimeng'enya vinaamka, na akisoni inasambaratika kuwa punjepunje. Mieleni inakatika kuwa matone yaliyopangana kama shanga kwenye uzi. Seli za Schwann zinaanza kuusafisha uchafu huo wenyewe, halafu kuanzia siku ya 3 hivi zinafika seli za kinga ziitwazo makrofaji na kumalizia kazi kwa wiki kadhaa. Huko juu, kwenye mwili wa seli, kiini kinasogea pembeni na punje zilizokuwa zimejaa katikati zinatawanyika: seli imebadili kazi, sasa inatengeneza malighafi ya kujijenga upya.

Jambo la kushika ni hili: *kipande kilichokatwa bado hupitisha umeme kwa siku kadhaa*, wiki moja hivi kwa nyuzi za misuli na zaidi kidogo kwa nyuzi za hisia. Mtu akipimwa kwa umeme siku ya 2, chini ya mkato, msuli unashtuka vizuri kabisa. Anaambiwa neva ni nzima. Anarudi nyumbani na kusubiri neva iliyokatika. Vipimo vya umeme vya neva na misuli husema ukweli vikifanywa wiki ya 3 hadi ya 4, kipande cha chini kikiwa kimeshakufa kama ni cha kufa. Ukipimwa mapema na jibu likawa zuri, uliza tena.

Sababu, kuanzia ya kawaida zaidi: neva imevutwa au kugongwa na mfupa uliovunjika, mara nyingi ikabaki nzima kwa nje, neva imekatwa na kitu chenye makali, sindano imeingia ndani ya neva yenyewe, kama ya makalio iliyochomwa mahali pasipofaa, maumivu yakashuka mguuni papo hapo, na mwisho, neva imenaswa kwenye mfupa uliounga au kwenye kovu.

Kuna vipimo viwili vya nyumbani ninavyovipenda kwa sababu havitegemei mgonjwa aseme nini. Fanya tu kama ngozi haina kidonda.

*Kalamu.* Chukua kalamu ya plastiki laini, uiburuze ubavuni mwa kidole kizima, kisha ubavuni mwa chenye ganzi. Kwenye kidole kizima kalamu inakwama kidogo, kwa sababu ngozi ina unyevu wa jasho. Ikiwa nyuzi nyembamba za jasho zimekufa, kalamu inateleza kama juu ya kioo.

*Maji.* Loweka mikono yote miwili kwenye maji ya uvuguvugu kwa nusu saa. Pima joto la maji kwa mkono mzima, kwa maana mkono wenye ganzi utaungua bila kukuambia. Kisha itoe uitazame kwenye mwanga. Ncha za vidole vizima zitakuwa zimekunjamana kama zabibu kavu. Kidole ambacho neva yake imekatika hubaki laini, kimenyooka, kama hakikuingia majini. Ukiviona vimekaa pamoja, kimoja kimejikunja na jirani yake hana hata mstari, unaelewa bila maelezo.

Kidole chenye ganzi lakini kinachotoa jasho na kukunjamana ni dalili njema: mara nyingi ni ngazi ya kwanza, kwa sababu nyuzi nyembamba huvumilia kubanwa kuliko zile nene zenye mieleni. Kilicho kikavu na laini kinamaanisha akisoni zimekatika, na swali linabaki kama mirija ipo au haipo. Hilo kalamu haiwezi kulijibu.

Matibabu yanafuata kanuni ambayo wapasuaji huikumbuka kwa tarakimu moja: siku 3, wiki 3, miezi 3. Iliyokatwa safi kwa kitu chenye makali iungwe ndani ya siku 3 hivi, kabla ncha hazijajivuta. Iliyokatwa kwa kuchanika au kusagika isubiri wiki 3, mpaka kovu lionyeshe nyama nzima inaishia wapi. Jeraha lisilo na mkato wa nje liangaliwe kwa miezi 3, na lisiporudisha chochote lifunguliwe.

Dalili: kiganja kinaning'inia, au mguu unakokota vidole

Kiganja kinachoning'inia mara nyingi ni neva inayozunguka nyuma ya mfupa wa mkono wa juu; mguu unaokokota ni ile inayopita chini kidogo ya goti, upande wa nje, mahali unapoweza kuisikia ikiteleza chini ya kidole. Sababu zinafuata mpangilio uleule: kubanwa, kuvutwa, kukatwa. Ongeza moja: huenda si neva, ni kano iliyokatika.

Kutenganisha ni rahisi ikiwa hakuna mfupa uliovunjika wala kidonda kibichi. Legeza mkono kabisa, kwa mkono mwingine ukunje kifundo kuelekea chini. Kano zikiwa nzima, vidole vitajinyoosha vyenyewe. Kidole kimoja kikibaki kimelala, shuku kano yake.

Wakati unasubiri, funga kishikizo kinachoinua kiganja, au kinachozuia mguu usikokote, na kila siku kunja na kunyoosha kila kiungo kwa msaada wa mkono mzima. Nimeona neva zikirudi na kukuta viungo vimekakamaa. Nguvu imefika, haina cha kusogeza. Inauma kuliko neva iliyogoma.

Kama jeraha ni la sehemu tu, nguvu inaweza kurudi mapema kuliko hesabu ya ukuaji inavyoruhusu. Akisoni zilizonusurika huchipua matawi ndani ya msuli na kuzichukua nyuzi za msuli zilizoachwa yatima. Kwenye kipande cha msuli uliopona hivyo, nyuzi za aina moja huonekana zimejikusanya makundi makundi badala ya kuchanganyika kama madoa ya drafti.

Dalili: miezi inapita, hakuna badiliko

Kabla ya kukata tamaa, piga hesabu. Kule juu, ncha ya akisoni iliyokatika imevimba na kutoa kitu kama kiganja chenye vidole vinavyopapasa. Santiago Ramón y Cajal wa Hispania alikieleza kwa mara ya kwanza mwaka 1890, kwenye kiinitete cha kuku. Kiganja hicho hutafuta mrija, ambamo seli za Schwann zimejipanga mstari kama watu wanaomwonyesha mgeni njia, kisha hutembea milimita 1 kwa siku, wakati mwingine zaidi kidogo. Tafuta futikamba, pima kutoka kwenye jeraha hadi kwenye msuli au kidole, ongeza mwezi 1 wa kujiandaa na kuvuka jeraha. Sentimita 20 ni kama siku 230. Mtu anayelalamika mwezi wa 4 pengine hajachelewa.

Kisha gonga kwa ncha ya kidole, polepole, ukitoka kidoleni kupanda kuelekea jeraha. Mahali unapogonga na shoti ikashuka kwenye eneo lenye ganzi, hapo ndipo ncha za nyuzi changa zilipofika: hazijapata mieleni, ndiyo maana zinashtuka kwa kuguswa. Weka alama, andika tarehe, rudia baada ya mwezi. Alama ikishuka sentimita 3 hivi, safari inaendelea. Ikibaki palepale miezi miwili, mitatu, kuna kizuizi. Kipimo hiki kina majina mawili, la Mjerumani Paul Hoffmann na la Mfaransa Jules Tinel, ambao walikichapisha mwaka uleule wa 1915, kila mmoja upande wake wa vita.

Usisubiri bila kikomo. Msuli usio na neva husinyaa haraka, na mahali pa mapokezi ya neva huharibika. Baada ya miezi 12 hadi 18 nyuzi zake zimeshaanza kugeuka mafuta na kovu, na neva ikifika inakuta nyumba imefungwa. Ndiyo maana miezi 3 bila dalili yoyote ni wakati wa kumwona mpasuaji wa neva, si wakati wa kubadilisha mafuta ya kuchua. Hisia ina uvumilivu zaidi kuliko msuli.

Dalili: moto, shoti, kutovumilia kuguswa

Kwanza, shoti fupi zinazohama kushuka ni ukuaji. Zivumilie.

Pili, nukta moja yenye uchungu mkali kwenye kovu. Nyuzi zimekosa mrija, zimechipua ovyo na kujisokota ndani ya kovu kama uzi uliofumuka na kujifunga mafundo. Kwenye fundo hilo milango ya kupitisha sodiamu, inayowasha umeme wa neva, hurundikana kwenye utando wa akisoni, uzi unarusha ujumbe bila kuguswa, na nyuzi zilizopoteza mieleni hupitishiana umeme. Uti wa mgongo nao, ukipokea kelele hizo kwa wiki nyingi, unaongeza usikivu wake, hadi kuguswa na shuka kunasikika kama kuunguzwa. Maumivu haya ni ya kweli hata kama ngozi ni nzima. Anayemwambia mgonjwa "huna kitu" hajui anachokisema.

Tatu, kitu bado kinabana: plasta, kovu, chuma cha kuungia mfupa.

Nne, mkono umevimba, unabadilika rangi na joto, unatoka jasho, na maumivu yamepita kiasi cha jeraha. Hili likianza, kila wiki ina thamani. Mwone daktari mapema.

Nyumbani, zoeza ngozi: pamba kwanza, dakika chache mara kadhaa kwa siku, kisha kitambaa laini, kisha taulo. Usiufungie mkono usiguswe kabisa, unazidisha. Dawa za kawaida za maumivu husaidia kidogo tu hapa. Zinazofaa, kama amitriptilini na gabapentini, ni za kuandikiwa na kusimamiwa. Nukta ya kovu isiyotulia inaweza kuhitaji kupasuliwa.

Dalili: hisia imerudi, lakini si mahali pake

Mwaka 1903 daktari wa Kiingereza Henry Head alijitolea akatwe neva ya ngozi ya mkono wake wa kushoto, ikaungwa, na kwa miaka iliyofuata rafiki yake William Rivers akawa anampima. Kwanza kilirudi kitu kisicho na adabu: maumivu mapana, baridi na joto kali, bila kujua hasa pameguswa wapi. Ufundi wa kutofautisha ulikuja baadaye, na si wote.

Wengi walioungwa neva hupita njia hiyohiyo. Nyuzi zilizovuka mkato zimeingia mirija ya jirani, kwa hiyo anayegusa kidole cha kati anasikia cha shahada. Si hitilafu ya kufunguliwa upya. Ubongo unapokea barua zenye anwani za zamani, na kazi ni kuufundisha anwani mpya. Gusa kidole kwa kifutio cha penseli huku ukitazama, fumba macho, gusa tena palepale, fumbua uhakikishe. Baadaye weka kitufe, ufunguo, sarafu na kipande cha mbao mfukoni, na uvitafute bila kuangalia. Dakika 10, mara kadhaa kwa siku, kwa miezi. Vijana huzoea haraka kuliko wazee, ila wazee pia huzoea.

Mpaka kidole kijifunze, usikitume jikoni: kisiguse sufuria, kisishike kisu, na kila jioni kitazame kwenye mwanga kama kina lengelenge ambalo hukulisikia.